Shafti ya mashine ya kusaga, kutoka kwenye mchoro hadi beringi ikae: shajara ya mradi

Shajara hii ni ya kutengeneza upya shafti na nyumba mbili za beringi za mashine ya nyundo ya kusaga mahindi. Mota ni ya kilowati 15, na rota huzunguka kama mara 2,900 kwa dakika. Kazi inafanyika Dar es Salaam kwa leti ya kawaida ya mkono (mashine inayozungusha chuma kikachongwa kwa kisu), mashine ya milingi (hapa kinachozunguka ni kisu), maikromita inayosoma 0.001 mm, na saa ya kupimia (dayo geji). Hakuna mashine ya kompyuta. Hatua ambazo kila fundi anazijua zimepitwa haraka. Yaliyokwenda kombo yameandikwa kwa kirefu, maana ndiyo yatakayomgharimu atakayeirudia kazi hii.

3 Februari 2025. Shafti ya zamani mezani

Imekatika kwenye bega la beringi (ngazi ya shafti ambayo beringi huegemea), upande wa puli. Uso wa mkatiko unasomeka vizuri. Kuanzia ukingoni ni laini na una mistari ya upinde iliyofuatana, kama alama za maji yanapokupwa mchangani. Kipande kidogo cha mwisho ndicho chenye chembe kavu kama sukari guru iliyovunjwa. Huo ni uchovu wa chuma: ufa ulianza mdogo, ukatembea siku nyingi, na shafti ikaachia pale nyama iliyobaki iliposhindwa kubeba mzigo.

Ufa ulianzia kwenye kona ya bega, ambayo ilikatwa kali, pembe mraba bila mviringo wowote. Mkanda huivuta shafti upande mmoja huku shafti ikizunguka, kwa hiyo kila mzunguko kona hupindwa na kunyooshwa mara moja. Kwa mizunguko 2,900 kwa dakika, hiyo ni mara 174,000 kila saa.

Kiti cha beringi cha upande wa pili kimesoma 39.93 mm, na kimejaa vidoti vya senta panchi (chombo chenye ncha cha kugongea alama) pande zote. Njia hii imeenea sana: beringi ikilegea, fundi hupiga panchi kuzunguka kiti ili chuma kivimbe. Beringi huingia kwa shida, mwenye mashine anaridhika. Lakini hapo beringi inashikwa na ncha za vidoti tu. Ncha hizo husagika baada ya muda mfupi, beringi inaanza kuteleza juu ya shafti, na kiti kinaliwa zaidi ya mwanzo. Kwenye shafti mpya njia hiyo haitatumika.

6 Februari. Mchoro

Kosa la kwanza la kuepuka ni kunakili shafti ya zamani. Ukipima kilicholiwa, unatengeneza kilicholiwa. Vipimo vimetoka kwenye beringi yenyewe, 6308: tundu 40 mm, nje 90 mm, unene 23 mm.

Shafti ina urefu wa 510 mm. Kuanzia upande wa puli: 35 mm kwa urefu wa 90, kisha 40 mm kwa urefu wa 55, kisha 50 mm kwa urefu wa 310 pakaapo diski za rota, na mwisho 40 mm kwa urefu wa 55.

Viti vya beringi vimeandikwa 40 k6, yaani kati ya 40.002 na 40.018. Lengo la leti ni 40.010. Sababu ya kutaka mkazo: mkanda unavuta upande mmoja tu wakati ringi ya ndani inazunguka, kwa hiyo ringi hiyo ikilegea hata kidogo itatambaa juu ya shafti. Kiti cha puli nacho ni 35 k6. Sehemu ya 50 ni h6, kati ya 49.984 na 50.000, kwa sababu diski zinapaswa kuteleza urefu wote wa 310 bila kugongwa.

Kila kipande cha 40 mm kina urefu wa 55, lakini beringi inakalia 23 tu. Zilizobaki zimeshushwa hadi 39.9, ili beringi ipite kirahisi hadi kitini. Kwa hiyo katika shafti yote ya 510 mm, milimita 46 za viti viwili vya beringi ndizo zinazoamua kama kazi imekubali au imekataa. Muda na uangalifu umepangwa kufuata hilo.

Kona ya bega ilizua ubishi. Pendekezo la kwanza lilikuwa mviringo wa 2.5 mm, kwa hoja kwamba kona kali ndiyo iliyoua ya zamani. Hoja ni ya kweli ila kipimo hakifai. Ukingo wa beringi ya 6308 umekatwa angalau 1.5 mm. Mviringo wa shafti ukizidi hapo, beringi hupanda juu ya kona kabla ya kugusa bega, na inakaa upande. Mchoro sasa unasema 1.2 mm, na bega la 50 mm linatosha, kwa kuwa beringi hii inahitaji bega lisilopungua 49.

10 Februari. Eksele chakavu, jaribio lililoshindwa

Ilinunuliwa eksele ya lori, chakavu, kwa shilingi 25,000, kwa imani kwamba chuma cha eksele ni imara kuliko chochote dukani. Imara ni kweli. Ngozi yake imekaushwa kwa moto kiwandani, yaani imefanywa ngumu, na tipu ya kwanza ya kabaidi (ncha ngumu ya kisu cha leti) ilivunjika pua kabla ya kufika 20 mm. Ya pili ilidumu kidogo zaidi, kwa mwendo wa chini. Faili ikipitishwa juu ya eksele inateleza kama juu ya kioo, na jaribio hilo la nusu dakika lingefaa kufanywa dukani kabla ya kulipa.

Ingewezekana kuichoma moto na kuiacha ipoe taratibu majivuni ili ilainike. Lakini eksele iliyokwisha kubeba lori miaka mingi inaweza kuwa na ufa usioonekana, na shafti hii inaanza upya kwa sababu ya ufa. Imewekwa kando. Hasara: eksele 25,000 na tipu mbili, 18,000.

12 Februari. EN8 na rafu

Chuma kipya ni EN8 (jina la daraja la chuma), kipenyo 55 mm, urefu 520 mm. Uzito ni kama kilo 9.7, kwa 6,000 kila kilo, jumla 58,200. Dukani vyuma vya pande zote hufanana, kwa hiyo kipande kidogo kilijaribiwa kwenye grainda kabla ya kukatiwa. EN8 ina kaboni ya kama asilimia 0.4, na cheche zake hupasuka vichipukizi mwishoni. Chuma laini cha kawaida hutoa mistari mirefu yenye mipasuko michache.

Nyuso zimenyooshwa, matundu ya senta yamepigwa kwa sentadrili ya 4 mm pande zote mbili, na shafti ikafungwa kati ya senta mbili (ncha za leti zinazoingia kwenye matundu hayo), si kwenye chaki ya leti (kishikio chenye taya). Ikifungwa kwenye chaki na kugeuzwa, upande wa pili hautakuwa na mhimili uleule. Kati ya senta, unaigeuza mara nyingi upendavyo na mhimili haubadiliki.

Rafu, yaani ukataji wa awali, ilienda kwa mizunguko 700 kwa dakika, kina 1.5 mm, fidi (mwendo wa kisu kando ya shafti) 0.25 mm kwa mzunguko. Baada ya pita ya kwanza (kisu kupita mara moja), kipimo kilionyesha 52.04 upande wa kichwa cha nyuma na 51.98 upande wa chaki, umbali wa 290 mm. Shafti inachongoka. Upande wa nyuma ukiwa mnene, maana yake kichwa cha nyuma kimekaa mbali na fundi. Dawa ni kukisogeza kuelekea kwa fundi kwa nusu ya tofauti, 0.03 mm, ikizidishwa kwa 520/290 kwa kuwa kipimo hakikuchukua urefu wote, yaani kama 0.054 mm. Dayo iliwekwa kwenye pipa la kichwa cha nyuma, bolti zikalegezwa, kikasogezwa, zikakazwa, na dayo ikasomwa tena, maana kukaza kwenyewe huhamisha 0.01 au zaidi. Pita iliyofuata: tofauti 0.004. Inatosha.

14 Februari. Kiti cha pili kimepungua

Hili ndilo kosa kubwa la mradi.

Kiti cha kwanza kilitoka 40.012. Kisha sehemu ya 50 ikashushwa kutoka rafu. Katikati ya kazi pampu ya maji ya kupozea iliziba kwa vibanzi vya chuma, na kazi ikaendelea kavu ili isisimame. Shafti ikageuzwa, kiti cha pili kikakatwa mara moja, kipimo kikasoma 40.008. Kazi ikahesabiwa imekwisha. Asubuhi yake kiti kilekile kilisoma 39.998.

Chuma hutanuka kama mikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja (mikroni ni 0.001 mm). Shafti ilikuwa kama nyuzi 50 wakati karakana iko 28, na maikromita ilikuwa mezani, baridi. Tofauti ya nyuzi 22 kwenye kipenyo cha 40 mm ni kama mikroni 10. Leti ilikata kipimo sahihi cha shafti ya moto.

Swali lililofuata ni kama inaweza kutumika hivyohivyo. Tundu la beringi iliyonunuliwa lilipimwa, 39.994, kwa hiyo bado kuna mkazo wa mikroni 4. Kwa beringi hii ingekaa. Lakini kiwanda kinaruhusiwa kutoa tundu popote kati ya 39.988 na 40.000, na beringi itakayonunuliwa mwakani inaweza kuwa ya 40.000. Hapo mwenye mashine atarudi kwenye senta panchi. Shafti imekataliwa.

Mengine yaliyoangaliwa na kuachwa: kujaza kwa weldi, ambako hukausha chuma pembeni mwa ulehemu, palepale bega linapopata taabu, na gundi ya kushikilia beringi, ambayo hushika vizuri lakini humtesa atakayeitoa.

Joto lina ubaya wa pili. Shafti ya 510 mm ikipanda nyuzi 20 inarefuka kama 0.12 mm. Kati ya senta mbili zilizokazwa haina pa kwenda, inapinda. Senta ya nyuma inatakiwa kulegezwa na kukazwa upya kila baada ya pita nzito.

Jambo moja huchanganya watu: vipimo vya kiufundi huhesabiwa kwenye nyuzi 20, na Dar es Salaam karakana haifiki huko. Si tatizo. Beringi na shafti vyote ni chuma na hutanuka pamoja. Kinachotakiwa ni shafti, maikromita na kipande cha kusetia viwe na joto moja, na vikilala meza moja usiku kucha hilo limekwisha. Kuhusu kusetia, usitumie ringi ya nje ya beringi mpya ya 6203 kwa kuwa eti ni 40 mm. Inaruhusiwa kuwa pungufu hadi mikroni 11, na hiyo peke yake inakula zaidi ya theluthi mbili ya nafasi ya k6.

Hasara: chuma 58,200 na saa 6 za leti, 90,000.

17 Februari. Shafti iliyoharibika inafundisha

Kabla ya kugusa chuma kipya, mifereji ya kii (kipande cha chuma kinachofanya puli au diski izunguke pamoja na shafti) imejaribiwa kwenye shafti iliyokataliwa. Uamuzi huu umeokoa shafti ya pili.

Kwenye 35 mm kii ni 10 × 8, mfereji wa kina cha 5.0. Upana unaotakiwa ni P9, kati ya 9.949 na 9.985, ili kii iingie kwa kugongwa. Ilitumika endmili (kisu cha duara cha milingi) ya 10 mm kwa pita moja. Mfereji ukatoka 10.06. Endmili inapozama kwenye chuma, jino moja linasukuma ukuta mmoja na jingine linaachia, kwa hiyo inatembea na kupanua. Kii ilicheza kwa kidole.

Njia iliyofanya kazi: endmili ya 8 mm ikate katikati hadi kina kamili, kisha meza isogezwe 0.98 upande mmoja na pita nyepesi, na kiasi hichohicho upande wa pili. Upana ulitoka 9.97. Kina usikipime kutoka ukingo wa mfereji, maana ukingo ni wa duara na haushikiki. Pima kutoka chini ya mfereji hadi mgongo wa shafti: 35 kasoro 5 ni 30.0. Kwenye sehemu ya 50, kii ni 14 × 9, kina 5.5, kwa hiyo kipimo cha mgongo ni 44.5.

Somo kubwa zaidi lilikuja shafti iliporudishwa kwenye senta. Kabla ya mifereji, kuyumba katikati kulikuwa 0.01. Baada ya mifereji, 0.07. Chuma cha fimbo kina mvutano uliofungwa ndani tangu kiwandani. Ukikiondolea ngozi upande mmoja tu, upande wa pili unavuta na shafti inapinda. Kama viti vya beringi vilikuwa tayari vimekamilika, sasa viko kwenye shafti iliyopinda.

Mpangilio umebadilishwa: rafu, mifereji, kupumzisha, ndipo viti.

20 na 21 Februari. Shafti ya pili

Rafu pande zote ikiacha 0.8 mm juu ya vipenyo, mifereji yote miwili, kisha kurudi kwenye leti. Kuyumba kulikuwa 0.06, kama ilivyotarajiwa, na rafu ya pili ikaondoa yote. Sehemu ya 50 na ya 35 zikakamilishwa. Mifereji hukatiza tipu hapo, kwa hiyo kina kiwe kidogo, na kingo ziondolewe makali kwa faili mara moja. Viti vya beringi vimeachwa na 0.40 juu ya kipenyo, na shafti ikalala mezani na maikromita hadi kesho yake.

Asubuhi ya tarehe 21 vilibaki viti tu, kimoja kimoja. Tipu ni ya pua ya 1.2 mm, ili mviringo wa bega utoke kwa tipu hiyohiyo, bila kubadilisha kisu. Kwa fidi ya 0.12 ukwaruzo wa hesabu ni Ra (wastani wa ukwaruzo kwa mikroni) 0.4 hivi, kwa vitendo hutoka zaidi, na 0.8 inatosha kwa beringi.

Pita ya majaribio, kwenye sehemu itakayoshushwa hadi 39.9, ilipiga kelele na kuacha mawimbi. Pua kubwa inasukuma shafti kwa nguvu zaidi kuliko pua ndogo. Kisu kilikuwa kimetokeza 45 mm. Kikarudishwa hadi 25, na mizunguko ikashushwa kutoka 900 hadi 710. Mawimbi yakaisha. Kushuka chini zaidi hakushauriwi: kwa mwendo mdogo chuma huanza kunata kwenye ncha ya kabaidi na uso unakuwa kama uliochanika.

Mizani ya slaidi ya leti hii ina alama za 0.02, na 0.02 ya kina ni 0.04 ya kipenyo. Kwa hiyo haiwezi kulenga mikroni 16. Slaidi ya juu imezungushwa nyuzi 5.74 kutoka mstari wa shafti. Kwenye pembe hiyo, ukiisogeza 1 mm kisu kinaingia 0.1 tu. Alama moja ya 0.02 inakuwa 0.002 ya kina, yaani 0.004 ya kipenyo. Leti ya mzee yeyote inaweza hivyo, mradi gibu zake (vibao vya kukazia slaidi) hazijalegea.

Kisha pita mbili za kina kilekile. Ya kwanza ililenga 40.210, ikatoka 40.223. Leti na shafti vimerudi nyuma kiasi cha kuacha 0.013, na pita ya pili yenye kina kilekile itaacha vilevile, kwa hiyo iliongezewa 0.013. Ndiyo faida ya kugawa sawa. Ukijaribu kumalizia kwa pita ya 0.01 peke yake, ncha ya kabaidi si kali kiasi hicho. Haikati, inasugua, halafu ghafla inauma.

Kabla ya kila kipimo, shafti ilioshwa kwa maji ya kupozea, ikafutwa, ikaachwa dakika 15. Matokeo: upande wa puli 40.011, upande wa pili 40.009. Mchongoko ndani ya kiti: 0.002. Kuyumba kati ya senta: 0.008. Msasa haukuguswa kwenye viti. Mkono unaoshika msasa haujui mikroni, na hula kingo kuliko katikati.

25 Februari. Nyumba za beringi

Ni za chuma cha kusubu, ukuta wa 12 mm kuzunguka tundu. Tundu ni 90 H7, kati ya 90.000 na 90.035.

Nyumba ya kwanza ilifungwa kwenye chaki ya taya tatu na kutobolewa kwa boringi baa hadi 90.012. Ikafunguliwa, ikapimwa kwa geji ya ndani ya ncha mbili, ikasoma 90.010 kila upande uliojaribiwa. Beringi haikuingia. Ilipimwa tena mara tatu, jibu likawa lilelile, na beringi ikaendelea kukataa.

Taya tatu ziliubana ukuta mwembamba ukaingia ndani mahali patatu. Boringi baa ikatoboa duara zuri ndani ya ukuta uliobanwa. Ukuta ulipoachiwa ukarudi, na tundu likawa na migongo mitatu. Sasa umbo la migongo mitatu lina hila yake: kila mgongo unatazamana na bonde, kwa hiyo ncha mbili husoma kipenyo kilekile kila unapozigeuza. Geji haikudanganya, iliulizwa swali lisilofaa. Bluu ya kupakia (rangi inayoonyesha panapogusana) ilipopakwa kwenye beringi na kusukumwa, alama zilitokea mahali patatu, katikati ya zilipokuwa taya.

Nyumba ilifungwa upya kwenye sahani ya leti, ikibanwa kwa bolti kutoka usoni, si ubavuni. Dayo ndani ya tundu ilionyesha mawimbi matatu ya 0.02 kwa kila mzunguko. Lilitobolewa tena hadi mawimbi yakatoweka, kwenye 90.034. Limebaki ndani ya mchoro kwa mikroni moja. Nyumba hii imepewa upande unaoelea, ambako beringi inatakiwa iweze kusogea. Nyumba ya pili ilianzia kwenye sahani na kutoka 90.014 bila shida.

Hasara: saa 2 za leti, 30,000.

28 Februari. Kufunga

Beringi ni 6308 C3. Herufi C3 ni nafasi kubwa zaidi ya ndani, inayohitajika kwa sababu mkazo wa shafti na joto vyote hupunguza nafasi hiyo. Zimepashwa ndani ya oili hadi kama nyuzi 90, zikining'inizwa kwa waya zisiguse chini ya sufuria. Usizidishe 120. Tundu linatanuka mikroni 28 hivi, mkazo ni kama 16, kwa hiyo beringi huteleza hadi begani kwa mkono wenye glovu. Ikifika, ishikilie begani mpaka ipoe, la sivyo hurudi nyuma na kuacha upenyo. Geji ya unene ya 0.03 haikupita kati ya beringi na bega, pande zote.

Grisi: gramu 10 kila beringi. Hesabu ni 0.005 × 90 × 23.

Nyundo zilipimwa moja moja kwa mizani ya jikoni, na zinazokaribiana uzito zikawekwa zitazamane. Kwa mizunguko 2,900, gramu 10 za ziada zilizo 200 mm kutoka katikati huvuta kwa nguvu ya kama kilo 19, na mvuto huo unazunguka pamoja na rota bila kupumzika.

3 Machi. Kuendesha

Bila nafaka, saa moja. Upande wa puli ulitulia kwenye nyuzi 52. Upande unaoelea ulifika 71 na bado unapanda. Mashine ikazimwa.

Grisi haikuwa nyingi. Kifuniko cha nyumba ndicho kilichokuwa kinaigandamiza ringi ya nje. Shafti ikipanda nyuzi 40, umbali kati ya beringi mbili unaongezeka kama 0.15 mm, na upande huu ndio ulioachwa usogee. Kifuniko kilipokazwa, beringi zote mbili zikawa zimefungwa, na shafti inayorefuka ikawa inazisukuma kwa ubavu. Mchoro ulisema upande mmoja uelee, lakini haukuandika nafasi ya kifuniko. Gasketi ya 0.5 mm imewekwa chini yake. Saa moja tena: 51 na 54. Saa tatu na mahindi: 58 na 59, na hazikupanda tena.

10 Machi. Gharama, baada ya saa 40 za kusaga

| Kitu | Shilingi |
|---|---|
| Eksele chakavu na tipu 2 | 43,000 |
| EN8, vipande 2 | 116,400 |
| Beringi 6308 C3, 2 | 90,000 |
| Nyumba za kusubu, 2 | 80,000 |
| Oili sili, 2 | 12,000 |
| Endmili | 28,000 |
| Leti, saa 19 | 285,000 |
| Milingi, saa 4 | 80,000 |
| Grisi, maji ya kupozea, bluu | 20,000 |
| Jumla | 754,400 |

Kati ya hizo, 251,200 ni za makosa: eksele na tipu zake, shafti ya kwanza na saa zake, saa moja na nusu ya milingi juu yake, na nyumba iliyobanwa. Ni theluthi ya fedha zote. Ile saa moja na nusu ya milingi, 30,000, imeandikwa humo kwa uaminifu wa hesabu, ingawa bila yake shafti ya pili nayo ingepinda baada ya viti kukamilika.

Vifuniko vimefunguliwa leo. Grisi haijabadilika rangi, na alama ya kalamu iliyochorwa kuvuka ringi ya ndani na shafti bado imenyooka, yaani beringi haijatambaa. Mchoro umeongezewa nafasi ya 0.5 ya kifuniko, amri ya kukata mifereji kabla ya viti, na amri ya kufunga nyumba kutoka usoni. Kwenye uso wa shafti, upande wa puli, zimegongwa namba 40.011 na 40.009, ili atakayebadilisha beringi ajue viti vilizaliwa na kipimo gani kabla hajafikiria kuchukua panchi.